Herufi ya Thelathini na Tatu

Nilimnyang'anya sekretari wa chuo chetu kompyuta yake kwa kosa ambalo hakulifanya. Ilikuwa Julai, mojawapo ya miaka ya mwisho ya tisini, na baridi ya Kaaga, huko Meru, ilikuwa imekaza hata tukawa tunafundisha na makoti mwilini. Nilikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kidogo cha kanisa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na niliamini kwamba kitu kikiharibika, lazima kuna mtu aliyekigusa.

Kompyuta zetu ziliungwa kwa waya mmoja mweusi uliotoka maabara, ukapita juu ya dari ya maktaba na kuishia ofisini kwa sekretari. Waya huo ulikuwa umeanza kuwa mzito. Mwanafunzi angetuma kazi yake kwenye printa, akaenda kunywa chai, akarudi, na karatasi bado haijatoka. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alituachia CD yenye programu za bure, na ndani yake mlikuwa na moja niliyoipenda kuliko zote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza waya. Kompyuta zinapozungumza, hukata maneno yao vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na programu hii iliokota kila pakiti iliyopita, ikaifungua na kuandika kwenye skrini imetoka wapi, inakwenda wapi na imebeba nini. Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya kazi niliwaita walimu wawili waje kutazama.

Ila ilikuwa na ugonjwa. Kila asubuhi niliiwasha saa mbili, ikasikiliza vizuri kabisa, na karibu saa nne ikaanguka. Skrini iliandika mstari mmoja wa kusema kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, basi. Nikiiwasha tena, haikumaliza robo saa.

Nilibadilisha vibao vya kumbukumbu. Nikabadilisha mashine yenyewe. Nikamlaumu mtu wa stima. Halafu siku moja sekretari alikwenda Nkubu kwenye mazishi, na siku hiyo programu ilisikiliza kutoka asubuhi hadi jioni bila kukohoa. Nikakaa pale nikihesabu siku nyingine alizokosa kuja, na zote zililingana. Sekretari alikuwa na desturi ya kupanga barua kwanza, kisha kuwasha kompyuta yake. Aliiwasha karibu saa nne.

Kesho yake niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Mama," nikamwambia, "umeleta disketi gani hapa?"

Alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa vidole, aliyekuwa amechapa barua za chuo hicho tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Sote tulimwita Mama.

"Disketi? Nina hizi mlizonipa nyinyi wenyewe."

"Kompyuta yako ina virusi. Ikiwaka tu, yangu inaanguka. Ninaichukua."

"Na barua za mwalimu mkuu nitachapa na nini?"

Nilimwonyesha taipureta iliyokuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa plastiki. Alisimama, akakunja kitambaa alichokuwa akifunikia kibodi, akakiweka kwenye mkoba wake. Niliibeba mashine yake mikononi nikapita nayo mbele ya wanafunzi, na nakumbuka kwamba nilijiona shujaa.

Niliichunguza kwa siku tisa. Sikupata virusi. Siku zote hizo tulisikia taipureta ikigonga ofisini kwake, tak, tak, tak, na kila mtu alijua ni kwa nini.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu hivi, mwembamba, mtu wa Mbeere, wa kutoka Gachoka. Alizoea jua la huko chini, na Kaaga ilimtesa. Alivaa sweta mbili na kushika kikombe kwa mikono yote miwili. Lugha ya kuandikia programu alijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za mwisho, na mimi nilidhani ni burudani yake tu, kama mtu anayefuma vitambaa. Saa ya chai nilimweleza habari ya mashine yangu, nikitarajia anihurumie.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Kusoma nini, Mwalimu?"

"Hiyo programu. Si umesema ni ya bure na imekuja na maandishi yake? Aliyeiandika ameiandika kwa mkono. Umeisoma?"

Nikacheka. Nilimwambia ni maelfu ya mistari.

"Basi nichapie," akasema. "Nina wikendi."

Printa yetu ya sindano ilipiga kelele mchana mzima wa Ijumaa. Karatasi zilitoka zimeungana, zikajikunja sakafuni kama kitambaa dukani, na yeye akazikunja vizuri, akazifunga kwa kamba ya katani na kuondoka nazo kwapani.

Jumatatu alinikuta maabara kabla sijavua koti. Alifungua rundo lile juu ya meza, na hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia mtu huyu, na sijaacha hadi leo. Hakuwa amesoma kama mtu asomaye kitabu, kutoka mwanzo. Alikuwa amechukua kalamu nyekundu na kutia duara kila mahali ambapo namba iliingia kutoka kwenye waya, yaani kila namba ambayo programu haikuihesabu yenyewe bali iliambiwa na mgeni. Kisha kutoka kila duara alichora mstari kufuata namba hiyo inakokwenda, ukurasa hadi ukurasa. Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa ubaoni, alikuwa ameandika swali lile lile: Nani amepima? Nani amepima? Mahali pengi palikuwa na jibu, na alikuwa ameweka alama ya vema. Ukurasa mmoja haukuwa na vema.

"Tazama hapa," akasema. "Kila kompyuta kwenye waya hutangaza jina lake na maelezo mafupi, ili wenzake waijue. Programu yako inapookota tangazo hilo, inaandaa nafasi ya kuyaweka maelezo. Nafasi ya herufi ngapi?"

Nikasoma. "Thelathini na mbili."

"Ehe. Halafu inanakili. Inanakili mpaka wapi?"

Nilisoma mstari huo mara tatu. "Mpaka urefu uliotajwa na pakiti yenyewe."

"Na nani amepima kama urefu huo unatosha kwenye nafasi?"

Hakuna. Hakuna aliyepima. Akanieleza taratibu, akichora visanduku kwenye ubao. Herufi ya thelathini na tatu haikosi pa kwenda. Inaandikwa juu ya kitu kilicho jirani, na ya thelathini na nne vivyo hivyo. Na miongoni mwa majirani hao kuna mahali ambapo programu imejiandikia irudi wapi ikimaliza kazi hii. Herufi zikipafuta, programu inamaliza kunakili, inatazama irudi wapi, inakuta takataka, inazifuata na kuanguka.

"Mashine yako ni nzima, Fundi," akasema. "Mahali fulani katika chuo hiki kuna kompyuta yenye maelezo yanayopita herufi thelathini na mbili. Twende tuitafute."

Hatukwenda mbali. Kompyuta ya sekretari ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa tumbo. Tuliiunga, tukaiwasha, tukatafuta sehemu ya maelezo. Mama alikuwa ameandika: Asante Mungu kwa kazi hii na kwa mashine hii.

Mwalimu alihesabu kwa ncha ya kalamu, akigusa kioo cha skrini herufi moja moja, nafasi zikiwemo. Arubaini na nne. Sala ilitosha kwenye sanduku hadi kwenye "na kwa". Maneno "mashine hii" ndiyo yaliyomwagika.

Nilitaka kuyafupisha hapo hapo. Nilikuwa nimeshashika kibodi aliponizuia.

"Acha. Amekosea nini? Kompyuta ilimpa nafasi ya kuandika, akaandika, na hakuivuka. Kosa ni la aliyepokea bila kupima. Wewe rudisha mashine ya watu, na kabla ya kuirudisha nenda ukaombe msamaha. Mikono mitupu kwanza."

Nilikwenda mikono mitupu. Taipureta iliacha kugonga nilipoingia. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye sala macho yake yalitanuka.

"Kwa hivyo ni kumshukuru Mungu kwangu kulikoangusha programu yako?"

"Hapana, Mama. Programu ilianguka kwa sababu haikupima. Na mimi nilikulaumu kwa sababu sikusoma. Nisamehe."

Alivuta karatasi kutoka kwenye taipureta. "Ulipita na mashine yangu mbele ya wanafunzi," akasema. "Irudishe ukipita njia ile ile."

Nikairudisha saa ya mapumziko, wanafunzi wakiwa wamejaa uwanjani.

Mwalimu alirekebisha programu kwa mistari miwili: ikiwa urefu unazidi nafasi, kata. Kuanzia siku hiyo haikuanguka tena. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha. Kwake yeye yalikuwa ndiyo yanaanza, kwa sababu programu hiyo ilikuwa ikitumiwa na watu wa nchi nyingi, na wote walikuwa na kosa lile. Tuliwaandikia walioitunga, watu wa ng'ambo ambao hatukuwajua, kwa kompyuta moja ya chuo iliyoweza kutuma barua pepe kupitia simu. Nilikaa kando yake akichapa. Kiingereza chake kilikuwa kama hesabu zake, hakuna neno la kupamba. Alieleza kosa, akataja mstari, akaweka marekebisho.

Jibu lilikuja chuo kikiwa kimefungwa kwa likizo ya Agosti. Nililisoma, nikalichapa, na kwa kuwa nilikuwa na safari ya Embu, nikaamua kumpelekea kwao. Kutoka Embu nilishuka hadi Gachoka, kisha nikatembea karibu saa nzima nikiuliza njia, jua likinichoma shingo. Nilimkuta uani na mamake wakipura ndengu juu ya turubai kuukuu, vumbi limemfunika hadi kwenye nyusi. Hapakuwa na sweta hata moja. Nilikuwa sijawahi kumwona amechangamka vile.

"Fundi! Umepotea?"

"Wamejibu, Mwalimu."

Alipangusa mikono kwenye leso, akasoma akiwa amesimama. Barua ilikuwa ya mistari minne. Mtu huyo alishukuru, kisha akasema kwamba hakuna mashine ya kawaida inayotuma maelezo marefu hivyo, kwamba hata ikitokea, jambo baya litakalotokea ni programu kuanguka, na mtumiaji anaweza kuiwasha upya.

Mamake aliona uso wa bintiye umebadilika, akauliza kwa Kimbeere, ambacho mimi Mmeru nilikielewa nusu. Mwalimu akamjibu kwamba kuna kitu kilikufa kule kazini na watu hawajali. Mamake akaacha kupura, akaweka fimbo chini.

"Amekufa nani?"

Ilibidi tumweleze kwamba ni programu, na programu ni nini, na haina watoto. Alituangalia mmoja mmoja, akaokota fimbo yake. "Mnanitisha bure," akasema, na akatuamuru twende tukale kabla muthokoi yake ya mahindi ya kukobolewa haijapoa.

Tulipokuwa tukila, Mwalimu alisoma barua ile mara ya pili. Kisha akaniambia, bila kuinua macho, "Anasema itaanguka tu. Ilianguka kwa sababu herufi za Mama kule ofisini hazikuwa na maana kwa mashine. Je, mtu akichagua herufi zenye maana?"

Sikuelewa.

"Pale programu ilipoandika irudi wapi. Sala ilipafuta ikaweka takataka. Mtu akiweka anwani ya kweli, je? Programu itamtii. Na wewe unaiwasha kwa ruhusa zote za mwenye mashine."

Nilikumbuka kwamba ninaiwasha hivyo kweli, kwa sababu bila ruhusa hizo haiwezi kusikiliza waya. Nikaacha kula.

Septemba, chuo kilipofunguliwa, alikwenda kwanza kwa mwalimu mkuu kuomba idhini. Kisha tulichukua kompyuta mbili, tukaziunga zenyewe kwa waya wa peke yake, mbali na chuo kizima, ili lolote litakalotokea lisitoke kwenye meza ile. Alifanya kazi alasiri baada ya alasiri, akijaza daftari kwa namba. Mara kwa mara alikosea na programu ikaanguka tu kama zamani, na kila ilipoanguka aliandika saa na sababu. Siku ya kumi na kitu alimwita sekretari aje kuwa shahidi. "Wewe ndiwe uliyeligundua kosa hili," alimwambia. "Sisi tulifuata tu." Mama akaja na kiti chake.

Programu ilikuwa ikisikiliza kwenye mashine ya kushoto. Kwenye mashine ya kulia Mwalimu alibonyeza kitufe kimoja, ikaondoka pakiti moja tu. Tulitazama kushoto. Programu haikuanguka. Iliandika, kwa herufi kubwa, HABARI ZA KAAGA, kisha ikatulia.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameigusa mashine ile.

Mama alisema "Bwana asifiwe" kwa sauti ndogo, nadhani kwa woga zaidi kuliko furaha. Kwa miezi yote ile niliiona programu hiyo kama askari wangu langoni. Sasa nilikuwa nimeona kwamba askari huyo angeweza kupewa amri na mpita njia yeyote, na mpita njia huyo hahitaji hata kumgusa. Askari akimsikiliza tu, imetosha.

Nakiri nilichofanya baadaye. Nilimwomba Mwalimu disketi ya pakiti ile. Nilikuwa na marafiki Nairobi, mafundi wenye makampuni makubwa, waliozoea kuniuliza kama huko Meru tunawasha kompyuta kwa kuni. Nilitaka niwaangushie mashine zao mbele ya macho yao.

"Hapana," akasema.

"Mwalimu, ni mzaha tu. Nitawaambia mara moja."

"Na wao wataiga, na watakaowaiga nao wataiga. Ukijua jirani yako amelala na mlango mbovu, hupigi mbiu sokoni. Unamgongea yeye kwanza, anatengeneza, halafu ndipo mnazungumza." Aliinua disketi kati ya vidole viwili. "Hii inakwenda kwa walioiandika programu, basi."

Nilinuna siku nzima. Ila sikuweza kumchukia, kwa sababu nilijua kwamba mahali pake nisingeweza kujizuia. Alikuwa na kitu mkononi ambacho kingemfanya maarufu kwa jioni moja, naye akakitia kwenye barua ya maneno ishirini, swali lake la nani amepima likiwemo, na kukituma kwa mtu aliyemdharau.

Safari hii jibu lilikuja kwa siku tatu. Lilikuwa refu. Yule mtu aliomba radhi waziwazi. Alisema wamepitia programu yote kwa kuuliza swali la pembeni mwa karatasi zake, nani amepima, na wamepata kosa hilo hilo mahali pengine ambapo sisi hatukufika. Wamerekebisha, na kabla ya kuwatangazia watu wanamwomba atazame. Barua ilianza kwa "Mheshimiwa Bwana" na kumalizia kwa kumshukuru "bwana huyu wa Kenya".

Niliona ni matusi. Yeye alicheka hadi akakohoa, kisha akachapa marekebisho yao na kuketi nayo. Baada ya nusu saa aliniita.

"Fundi, soma."

Walikuwa wameandika kwamba maelezo yakizidi thelathini na mbili, yakatwe yabaki thelathini na mbili. Nikasema ni sawa.

"Na alama ya mwisho?"

Programu hiyo, baada ya kunakili maneno, iliongeza sifuri moja ya kuonyesha kwamba maneno yameishia hapo. Herufi thelathini na mbili na sifuri moja ni thelathini na tatu. Walikuwa wamefunga mlango na kuacha ufa wa unene wa wembe. Ukiikata sala ya Mama kwenye "na kwa", inajaza sanduku kabisa, na sifuri inaangukia kwa jirani.

Jibu alilotuma lilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilitaja mstari wenye sifuri. Ya pili ilisema kinachotakiwa ni thelathini na moja. Ya tatu ilisema: mimi ni mwanamke.

Toleo jipya lilipotoka, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioshukuriwa, limeandikwa sawasawa. Nilimchapia ukurasa huo, akautia katikati ya daftari na kwenda darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Sekretari ndiye aliyetangaza habari hiyo kwenye ibada ya asubuhi, na alieleza kosa lenyewe vizuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alinong'ona akiniuliza kama ni mimi niliyemfundisha. Nilimwambia hapana.

Muhula uliofuata Mwalimu alianzisha darasa la Alhamisi alasiri la kusoma programu za watu wengine. Halikuwa darasa la kuandika, lilikuwa la kusoma tu. Wanafunzi walikaa wawili wawili na karatasi za printa na kalamu nyekundu, mmoja akisoma mstari kwa sauti na mwenzake akiuliza. Nilisimama mlangoni wiki ya kwanza, nikijifanya ninakagua waya. Wiki ya pili akaniambia niingie nikae au nifunge mlango, kwa sababu baridi inaingia.

Nikaingia, nikapewa karatasi yangu. Nilitia duara kwenye namba zote zilizotoka nje isipokuwa moja, na aliporudisha kazi zetu alikuwa ameizungushia hiyo moja mara mbili.